Kurudishwa Nyumbani: Maandamano ya Wanafunzi, Nidhamu ya Chuo na Haki za Raia Nchini Tanzania, 1966–2013

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza adhabu moja katika historia ya elimu ya juu nchini Tanzania, nayo ni adhabu ya kuwarudisha wanafunzi nyumbani baada ya maandamano au mgomo. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu madai ya wanafunzi, itikadi zao na uhusiano wao na chama tawala. Adhabu yenyewe imetajwa zaidi kama tukio la mwisho katika masimulizi, bila kuchunguzwa kwa undani. Wanafunzi wanaandamana, serikali inakasirika, wanafunzi wanaondoka, na sura ya kitabu inafungwa.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba adhabu hiyo ndiyo inayoeleza vizuri zaidi hadhi ya mwanafunzi mbele ya dola. Mwaka 1966 ilijengwa juu ya fikra kwamba mwanafunzi ni mtu anayelelewa na taifa na ambaye bado hajawa raia kamili. Fikra hiyo imepoteza misingi yake hatua kwa hatua: kwanza Katiba ilipopokea haki za binadamu mwaka 1984, kisha mkopo ulipochukua nafasi ya ufadhili. Hata hivyo, adhabu imebaki. Ili kulithibitisha hilo, makala yanafuatilia matukio ya Dar es Salaam ya miaka ya 1966, 1971, 1978 na 1990, kisha yanafika Arusha mwaka 2013. Kabla ya matukio hayo, inafaa kueleza kwa nini suala hili linatazamwa kutokea Olmotonyi.

2.0 Olmotonyi kama Mahali pa Kutazamia

Olmotonyi ipo kwenye miteremko ya Mlima Meru, jirani na Ngaramtoni, nje ya Jiji la Arusha. Hapo kipo Chuo cha Misitu, ambacho historia yake inaanzia miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Waingereza. Upo pia msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambamo wanafunzi wa shahada kutoka Morogoro huja kufanya mafunzo kwa vitendo. Mafunzo ya shahada ya misitu yalianza Morogoro mwaka 1973 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Sokoine kilianzishwa mwaka 1984. Kwa maana hiyo, katika kipindi kikubwa cha miaka ya 1970, mwanafunzi wa shahada ya misitu alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kilekile kilichokuwa kitovu cha maandamano nchini.

Mahali kama hapa panaonyesha jambo ambalo mjini halionekani kwa urahisi. Katika chuo cha bweni kilichopo mbali na nyumbani, mamlaka inayotoa mtihani ndiyo hiyo hiyo inayotoa kitanda, chakula na nidhamu. Mwanafunzi aliyetoka Mtwara au Kigoma akiambiwa afungashe, hapotezi kipindi cha darasani tu. Anapoteza makazi na chakula kwa siku moja, na anadaiwa nauli ya safari ya zaidi ya siku moja. Ndiyo maana amri ya kurudi nyumbani, ambayo sikioni mwa mtu wa nje ina sauti ya upole, ni adhabu nzito kuliko faini nyingi zinazotolewa na mahakama.

Mlima Meru una sababu ya pili ya kutajwa. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru takribani 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao igawiwe walowezi. Mwaka uliofuata, Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Ardhi haikurudishwa wakati huo. Lakini mlalamikaji alisikilizwa akiwa mlalamikaji, na haki yake ya kulalamika ilitokana na hadhi ya Tanganyika kama nchi ya udhamini. Kipimo hicho ni muhimu kwa mjadala unaofuata. Haki ya kulalamika haikutegemea kama mlalamikaji ana shukrani au adabu, wala kama amesoma kwa fedha za nani.

3.0 Oktoba 1966: Chimbuko la Adhabu

Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu wa vyuo na wa kidato cha sita wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima. Muda wote ulikuwa miaka miwili. Baada ya miezi ya kambini, mhitimu angefanya kazi ya taaluma yake huku akipokea asilimia 40 tu ya mshahara wake. Wanafunzi walipinga ulazima huo na makato hayo. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao, wakiwa na waraka wa malalamiko na mabango. Bango moja lilidai kwamba hali ilikuwa bora wakati wa ukoloni, na hilo ndilo lililokumbukwa kuliko yote.

Rais Julius Nyerere aliwasikiliza hadi waraka ukaisha kusomwa. Kisha alijibu kwa hasira na kuwaamuru warudi makwao. Wanafunzi 393 waliondolewa, wengi wao wakiwa wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na waliosalia wakiwa wa vyuo vingine vya jiji hilo. Walipelekwa vyuoni chini ya ulinzi wa polisi kuchukua mizigo yao, kisha wakasafirishwa kwenda sehemu walikotoka. Wengi wao waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata.

Mambo mawili yanastahili kutenganishwa hapa. La kwanza ni uzito wa dai. Ni vigumu kulitetea dai la wanafunzi wale kwa ukamilifu wake. Walikuwa kikundi kidogo chenye uhakika wa kazi katika nchi ambayo wakulima wake wengi hawakujua kusoma, na Nyerere alikuwa na hoja aliposema kwamba elimu yao imelipiwa na jasho la wakulima hao. La pili ni njia ya kulijibu dai. Wanafunzi hawakushtakiwa kwa kosa lolote mahakamani. Hakukuwa na kikao kilichompa kila mmoja nafasi ya kueleza alifanya nini siku ile. Adhabu ilikuwa ya pamoja, ilitolewa papo hapo, na mtoaji wake alikuwa ndiye aliyelalamikiwa.

Jambo hilo la pili ndilo lililoacha urithi wa kudumu. Haki ya kutoa maoni haipimwi kwa uzuri wa maoni yenyewe. Ikiwa inamlinda tu yule mwenye dai linalopendeza, basi hiyo ni fadhila. Mwaka 1966 dai baya lilipata jibu ambalo baadaye lilitumika hata kwa madai mazuri.

Ipo pia kejeli ya kihistoria ambayo haipaswi kupuuzwa. Katika jibu lake siku ile, Nyerere alikubali kwamba mishahara ya viongozi ilikuwa mikubwa mno, akatangaza kupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadaye, kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha na kupitisha Azimio lililotangazwa tarehe 5 Februari, pamoja na masharti ya uongozi yaliyomzuia kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha. Sababu za Azimio la Arusha zilikuwa nyingi, na haitakuwa sahihi kuliita zao la maandamano. Hata hivyo, mgogoro wa Oktoba ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoharakisha mjadala kuhusu tofauti ya vipato. Hoja ya wanafunzi kuhusu mishahara ya wakubwa ilipokewa ndani ya sera ya taifa, huku wenye hoja wakiwa wamefukuzwa.

4.0 Kutoka Azimio hadi Mwongozo: 1967–1978

Baada ya Azimio la Arusha, lugha ya wanafunzi ilibadilika. Wengi wao sasa waliikosoa serikali kwa kutumia maneno ya serikali yenyewe. Umoja wa wanafunzi wanamapinduzi uliofahamika kwa kifupi cha USARF, ambao Yoweri Museveni alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza, ulianza mwaka 1967. Jarida lake la Cheche lilianza kutoka mwaka 1969 na kuchapisha uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu matabaka nchini Tanzania. Novemba 1970 umoja na jarida vyote vilipigwa marufuku. Sababu zilizotolewa zilihusu jina la jarida, lililofuata la gazeti la wanamapinduzi wa Urusi, na pia kwamba tawi la vijana wa TANU lilitosha kwa kazi hiyo. Kwa maneno mengine, wanafunzi wale walizuiwa kuutetea ujamaa nje ya chombo cha chama.

Julai 1971 mgogoro mwingine ulizuka. Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa serikali ya wanafunzi, aliandika barua ya wazi kuukosoa uongozi wa chuo. Barua hiyo iliutumia Mwongozo wa TANU wa mwaka huohuo, ambao kifungu chake cha 15 kilikemea viongozi wenye majivuno na ubabe. Akivaga alifukuzwa chuo na kuondolewa na askari wenye silaha mbele ya wenzake, nao wenzake wakasusia masomo. Katika miaka iliyofuata, wafanyakazi wa viwandani walikitumia kifungu hichohicho katika migomo yao. Hilo linaonyesha kwamba tatizo halikuwa la wasomi peke yao: nyaraka za chama zilimpa mwananchi maneno ya kulalamikia, lakini hazikumpa ulinzi anapolalamika.

Njia ya kuingia chuo kikuu nayo ilibadilishwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka waombaji wengi wawe wamefanya kazi kwanza baada ya kidato cha sita na Jeshi la Kujenga Taifa, na wawe na mapendekezo kutoka kazini na kwenye chama. Lengo la kuunganisha elimu na kazi lilikuwa na maana yake. Lakini athari yake kwa hadhi ya mwanafunzi ni dhahiri: nafasi ya masomo ilitegemea sasa tabia iliyothibitishwa na mamlaka, na kilichotolewa kwa sababu ya tabia kingeweza kuondolewa kwa sababu hiyohiyo.

Utaratibu huo haukuzuia maandamano ya tarehe 5 Machi 1978. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa vyuo vingine waliandamana kupinga nyongeza ya malipo na marupurupu ya mawaziri, wabunge na viongozi wengine. Safari hii hawakuweza kulaumiwa kwa kutetea mifuko yao. Walikuwa wakiyatetea masharti ya Azimio la Arusha dhidi ya viongozi waliowekwa kuyalinda. Polisi waliyazima maandamano, na wanafunzi takribani 350 walifukuzwa na kurudishwa makwao. Baadaye jumuiya huru ya wanafunzi ilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na MUWATA, muungano uliokuwa chini ya vijana wa chama.

Ulinganisho wa mwaka 1966 na 1978 ndio ushahidi wenye nguvu zaidi wa hoja ya makala haya. Dai la kwanza lilikuwa la maslahi ya kikundi, na la pili lilikuwa la maadili ya uongozi. La kwanza liliupinga mwelekeo wa taifa, na la pili liliukumbusha. Pamoja na tofauti zote hizo, jibu lilikuwa moja. Adhabu isiyobadilika wakati dai limegeuka kabisa haiwezi kuwa jibu la dai. Ni jibu la kitendo cha wanafunzi kusema kwa pamoja bila kuulizwa.

5.0 Katiba, Azimio la Wanataaluma na Mkopo

Mwaka 1984 mabadiliko ya tano ya Katiba yaliingiza haki za binadamu katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, na kuanzia Machi 1988 mahakama ziliweza kuzisimamia. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni, Ibara ya 20 inalinda uhuru wa kukutana na wengine kwa amani, na Ibara ya 13(6)(a) inampa mtu haki ya kusikilizwa pale haki zake zinapoamuliwa. Mwaka 1994, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu aliamua kwamba sharti la kuomba kibali cha polisi kabla ya mkutano au maandamano lilikinzana na Katiba. Baada ya hapo sheria ilielekea kwenye utaratibu wa kutoa taarifa kwa polisi.

Vyuoni mabadiliko hayo hayakufika kwa kasi ileile. Tarehe 19 Aprili 1990 wawakilishi wa jumuiya za wanataaluma wa taasisi za elimu ya juu walipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu Uhuru wa Kitaaluma na Wajibu wa Kijamii wa Wanataaluma, ambalo liliwataja pia wanafunzi kama wenye haki. Mwezi uliofuata, kufuatia mgomo wa wanafunzi, serikali ilikifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hakikufunguliwa hadi mwaka 1991. Haki zilikuwa tayari zimeandikwa na mahakama zilikuwa tayari na uwezo wa kuzilinda, lakini njia iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1966.

Chanzo cha pengo hilo kimo pia katika muundo wa Katiba yenyewe. Haki ya kujielimisha imewekwa katika Ibara ya 11, ndani ya sehemu inayoeleza malengo ya msingi ya nchi, na Ibara ya 7(2) inasema kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatiliwi nguvu na mahakama. Haki ya kukutana na ya kutoa maoni zimo katika sehemu inayolindwa na mahakama. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi ana haki ya kuandamana anayoweza kuidai mahakamani, na ana nafasi ya masomo ambayo ulinzi wake wa kikatiba ni dhaifu. Mamlaka isiyotaka maandamano haihitaji kuigusa haki ya kwanza. Inatosha kuigusa ya pili. Mwanafunzi haambiwi kwamba hana ruhusa ya kusema, bali anaambiwa kwamba chuo kimefungwa.

Msingi wa kimaadili wa adhabu hiyo nao ulikuwa ukiporomoka. Mwaka 1966 mwanafunzi aliambiwa kwamba anasoma kwa fedha za wananchi, hivyo anadaiwa shukrani. Uchangiaji wa gharama ulianza katika miaka ya 1990, na sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Tangu hapo wanafunzi wengi wamesoma kwa fedha watakazozirudisha, au kwa fedha za wazazi wao. Deni la shukrani limegeuka deni la fedha lenye mkataba. Mdaiwa wa benki hapotezi haki zake za uraia kwa sababu ya mkopo wake, na hakuna sababu ya kumfikiria mkopaji wa elimu kwa namna nyingine.

6.0 Arusha, Aprili 2013

Tukio la Chuo cha Uhasibu Arusha linaonyesha jinsi utaratibu huu ulivyosafiri kutoka Mlimani hadi chini ya Mlima Meru. Chuo hicho kipo Njiro, na wanafunzi wake wengi waliishi mitaani nje ya chuo. Aprili 2013 mwanafunzi mmoja aliuawa usiku. Siku iliyofuata wenzake walikusanyika wakidai usalama katika maeneo wanamoishi na wanamopita. Mbunge wa Arusha Mjini, Godbless Lema, alifika, na Mkuu wa Mkoa, Magesa Mulongo, naye alifika kuzungumza nao. Mkutano ulivurugika, polisi wakatumia mabomu ya machozi, na chuo kikafungwa kwa muda. Siku chache baadaye Lema alikamatwa nyumbani kwake na kushtakiwa kwa uchochezi.

Kushtakiwa si kuhukumiwa, na makala haya hayakusudii kuamua nani alivuruga mkutano ule. Linalohusika hapa ni njia iliyopitiwa na dai la wanafunzi. Halikuhusu itikadi, mshahara wala chama. Lilikuwa dai ambalo raia yeyote wa mtaa wowote angelitoa: kulindwa dhidi ya kuuawa. Ndani ya siku chache mjadala wa hadhara ulihama kutoka kwenye usalama wa wanafunzi hadi kwenye swali la nani amewachochea. Dhana ya uchochezi ina maana kubwa katika historia hii, kwa kuwa inadokeza kwamba wanafunzi hawawezi kulalamika kwa akili yao wenyewe hata pale mwenzao anapozikwa. Hiyo ndiyo fikra ya mwaka 1966 ikiwa katika vazi jipya: mwanafunzi ni mtoto, na mtoto akilia lazima yupo mtu aliyemfinya.

Viongozi wa vyuo wana utetezi unaostahili kusikilizwa. Wanasema kwamba kufunga chuo huokoa maisha na mali wakati hasira imepanda. Katika baadhi ya hali hilo ni kweli. Lakini hatua ya dharura ya kuzuia madhara ni tofauti na adhabu. Hatua ya dharura hulenga hatari, huwa na muda maalumu, na haimwondolei mtu nafasi yake. Inapofuatiwa na masharti ya kurudi yanayomhusu kila mmoja, hata aliyekuwa maktaba siku ile, inakuwa hukumu isiyo na kesi. Aidha, mbinu hiyo huficha wakosaji halisi. Aliyerusha jiwe na aliyeshika bango hupanda basi moja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kurudishwa nyumbani kumekuwa jibu la kudumu kwa madai yaliyotofautiana sana: makato ya mshahara mwaka 1966, malipo ya viongozi mwaka 1978, hali ya chuo mwaka 1990 na usalama wa maisha mwaka 2013. Misingi iliyoiunga mkono adhabu hiyo imeondoka. Chama kimoja hakipo tena kisheria, haki za raia zimo ndani ya Katiba, na mwanafunzi hulipa au atalipa gharama ya elimu yake. Kilichobaki ni mazoea ya kiutawala yanayopata nguvu kutokana na jambo moja tu, yaani kwamba mwanafunzi anaweza kunyang'anywa kitanda na darasa haraka kuliko anavyoweza kufika mahakamani.

Utafiti wa haki za raia vyuoni hauna budi kuhama kutoka kwenye swali la kama wanafunzi wanaruhusiwa kuandamana. Kisheria wanaruhusiwa. Swali lenye uzito ni nini kinachowapata siku inayofuata, nani anaamua, kwa ushahidi gani, na kama kila mmoja amesikilizwa kwa jina lake. Kanuni inayotaka kila adhabu ya kinidhamu imhusu mtu mmoja, itaje kosa moja na itanguliwe na usikilizwaji haihitaji Katiba mpya. Ibara ya 13 inaitosheleza. Kwa vyuo vya bweni vilivyo mbali na miji, kama kile cha Olmotonyi, kanuni hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa huko geti la chuo ndilo mlango wa nyumba ya mwanafunzi.